Mimba imetoka na damu haikati: unangoja nini nyumbani?

Maswali haya tunaulizwa kila mara kwenye wodi za wanawake hapa Kenya. Kwa bahati mbaya, mengi huulizwa na mgonjwa ambaye tayari amechelewa.

Kuavya mimba ni halali Kenya?

Kwa kutaka tu, hapana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 26(4), inaruhusu pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona panahitajika matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaja mtaalamu huyo: daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki mwenye leseni, aliyefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito. Mume hakutajwa. Mama mkwe pia hakutajwa, ingawa yeye ndiye tunayemkuta mlangoni akijibu maswali ya mgonjwa.

Natokwa na damu tangu juzi. Nikienda hospitali si nitashikwa?

Nenda. Kutibiwa baada ya mimba kutoka ni halali, iwe imetoka yenyewe, iwe ulimeza kitu, iwe mtu alikuingizia kitu. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kituo chenye uwezo kikikataa kukutibu kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Wapo wanawake waliowahi kushikwa, sitaficha. Lakini ukishikwa, wakili anatafutwa. Damu ikiisha mwilini, tunatafuta nini?

Nisubiri kidogo nione kama itakata?

Usisubiri. Ukilowesha pedi mbili kwa saa moja, na saa inayofuata mambo ni yale yale, hiyo si hedhi iliyozidi. Wanakuja wamejifunga leso mbili na taulo katikati, midomo imepauka, na bado wanasema "ni period tu, sista". Sisi tunaona rangi ya viganja.

Damu ni kidogo, ila nina homa na uchafu unanuka.

Usisubiri pia. Hapo mabaki yameoza ndani ya mfuko wa uzazi na sumu inaelekea kwenye damu. Vivyo hivyo kwa maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au kuzirai. Panadol itashusha homa kwa saa chache, nawe utajidanganya kwamba umepona.

Shangazi ananichemshia dawa ya kusafisha tumbo.

Aache, tafadhali. Majani, chai kali, sabuni, dawa ya kung'arisha nguo: hakuna hata kimoja kinachoondoa mabaki. Kituoni tunayatoa kwa pampu ndogo ya mkono au kwa vidonge, na unapewa antibiotiki. Kwa pampu, kazi yenyewe mara nyingi haifiki robo saa. Siku tatu za kuchemsha majani zinageuza robo saa hiyo kuwa upasuaji, na wakati mwingine mfuko wa uzazi unaondolewa.

Nilibakwa, nikapata mimba.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema mimba ya ubakaji inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu aliyehitimu anaona inahatarisha uhai au afya ya mama, na afya ni pamoja na ya akili. Kesi ilihusu msichana aliyebakwa, akaavya kwa mtu asiye na ujuzi, akazungushwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikafeli, akafariki 2018. Ukibakwa leo, njoo leo: dawa ya kuzuia HIV ina saa 72, ya kuzuia mimba saa 120. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi.

Muuguzi akinifokea?

Wapo wenzetu wanaofanya hivyo na wanatuaibisha. Usirudi nyumbani. Ulizia msimamizi wa zamu, umwambie unatokwa na damu nyingi.

Niseme ukweli kuhusu nilichotumia?

Sema. Ukisema "niliteleza bafuni" tutapoteza muda tukitafuta jeraha la kuanguka. Kama kuna pakiti ya vidonge, hata tupu, ibebe. Kama mtu aliingiza kijiti, taja kijiti. Njoo na mtu wa kukushika mkono njiani, na asipopatikana, panda boda polepole au, bora zaidi, tafuta gari.