Vifaa kuwapo si vifaa kutosha

Wiki iliyopita mgeni mwingine alifungua kabati la chumba ambamo wanachuo wetu wa afya hufanyia mazoezi ya stadi za wodini, hapa Mtwara, akahesabu kwa kidole, akalifunga, kisha akaniambia kwa moyo mweupe kwamba tuna vifaa vya kutosha na kwamba hata janga jingine kama korona likija tuko tayari. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno tangu mwaka 2020, na safari hii naijibu kwa maandishi, kwa sababu wanaoitoa ndio wanaopanga bajeti.

Orodha ya ukaguzi huuliza kama kifaa kipo. Kutosha hupimwa kwenye mkono wa mwanachuo: amekishika mara ngapi, kwa muda gani, na nani alikuwa akimtazama alipokosea. Chukua mdoli mmoja wa kufundishia kufufua moyo, wanachuo 48 na kipindi cha saa 2. Kila mmoja anapata dakika 2 na nusu, na hapo sijaondoa muda wa kupishana. Kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, kunachosha kiasi kwamba mwokoaji hupokewa kila baada ya dakika 2 hivi. Kwa hiyo mwanachuo wangu anamaliza mzunguko mmoja, anainuka, na kosa lake anaondoka nalo.

Kuhusu notisi zilizotumwa kwenye simu vyuo vilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Juni 1, sina mengi ya kusema. Zilisaidia nadharia, kwa aliyekuwa na bando.

Kinachoniudhi hasa ni vifaa vinavyokwisha. Mdoli hubaki kabatini miaka kumi na kuhesabiwa kila mwaka, lakini glavu, barakoa na magauni ya kujikinga hutumika mara moja tu, na wakati wa janga wodi na darasa hugombea boksi lilelile. Wodi hushinda, na ni haki ishinde. Ila matokeo yake ni kwamba mwanachuo anajifunza kuvaa na kuvua kwa kumtazama mkufunzi, ilhali hatari kubwa iko katika kuvua. Glavu hutangulia kwa kuwa ndizo chafu zaidi. Barakoa huwa ya mwisho, baada ya kutoka chumba cha mgonjwa, kwa kushika kamba za nyuma. Na mikono husafishwa katikati na mwishoni. Utaratibu huo kila mwanachuo wangu anaweza kuukariri bila kosa.

Sasa mpake manjano kwenye glavu badala ya uchafu wa mgonjwa, iliyokorogwa kwa maji na si kwa mafuta, maana mafuta hudhoofisha mpira, kisha mwambie avue. Ataanza vizuri: atabana glavu ya kwanza kwa nje, karibu na kiganja, na kuivua ikijipindua ndani nje. Kwenye glavu ya pili, ambapo vidole vitupu vinatakiwa kupita chini ya ukingo wake bila kugusa nje, kidole gumba kitateleza. Doa la njano litabaki juu ya kifundo cha mkono, nalo atalishangaa, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba hakugusa kitu. Katika darasa langu wengi hupata doa mara ya kwanza, na baadhi hulipata tena mara ya tatu. Hesabu basi: wanachuo 48, mara nne kila mmoja, ni jozi 192 kwa stadi moja tu. Kabati alilolisifu mgeni lilikuwa na boksi mbili, yaani jozi 100.

Mwaka ule wa korona nilifua glavu, nikazianika na kuwapa wazirudie, huku nikiwafundisha kwamba wodini glavu hairudiwi. Bado jambo hilo linanisumbua. Glavu iliyofuliwa hunata na kuvutika vibaya, na nina shaka kwamba niliizoesha mikono yao nguvu isiyotakiwa, sambamba na tabia niliyokuwa nikiikataza. Baadhi yao leo wako zahanati za Newala na Tandahimba, na zamu ya usiku wanaishika peke yao.

Mgeni ajaye atakapolifungua kabati, nitamwekea mezani daftari la mahudhurio ya mazoezi, lenye jina la kila mwanachuo na idadi ya mara alizovua glavu bila doa. Ahesabu hapo.