Paka Anakojoa Sana, Eti Figo Ziko Sawa

Jumatatu, chai yangu haijapoa, mama mmoja aliingia kliniki hapa Kisumu na paka wa miaka 12 ndani ya kiondo. Shida aliyokuja nayo ni harufu ya mdomo. Nikapitisha kidole kwenye ufizi: umekauka, kidole kinanata. Nikauliza habari ya maji. "Kunywa? Daktari, anamaliza bakuli. Na kukojoa ndiyo usiseme, kochi langu limeoza. Siku hizi nikienda kulala naficha maji. Lakini figo ziko sawa, si anakojoa vizuri?"

Huyo alikuwa wa tatu mwezi huu. Naandika leo ili wa nne anikute nimeshajibu.

Kumwaga maji hata mfereji unaweza. Figo kazi yake ni kuchuja uchafu wa damu na kuutoa kwa maji machache iwezekanavyo, na kwa hilo paka ni fundi. Babu zake ni paka-mwitu wa nchi kame, ndiyo maana mkojo wa paka mzima ni wa njano iliyokolea na harufu yake inakupokea mlangoni. Figo zikianza kuchoka, uwezo wa kukoleza mkojo hupotea mapema. Maji yanapita tu. Paka anakojoa mwingi na mwepesi, anakaukiwa, ndipo anakimbilia bakuli. Anakunywa kwa sababu anakojoa. Ukimfichia maji, mkojo haukomi. Figo zinaendelea kumwaga, ila sasa zinachota kutoka kwenye damu yake mwenyewe. Damu ikipungukiwa maji, haifiki kwenye figo vya kutosha, na ile sehemu iliyokuwa bado nzima nayo inaumia. Nimeshapokea paka aliyekuwa na ugonjwa mdogo Ijumaa, Jumatatu akaletwa hoi, na kilichobadilika nyumbani ni bakuli tu.

Nina kifaa kidogo kama darubini, refraktomita, kinachopima mkojo umekolea kiasi gani. Unaweka tone moja la mkojo juu ya kioo, unaangalia kwenye mwanga wa dirisha. Paka mwenye figo nzima kwa kawaida husoma 1.035 na kupanda. Huyu alisoma 1.014, na ndani ya bomba la sindano ungeapa nimechota mferejini. Nikamwita mama achungulie mwenyewe, maana kusema nimesema sana. Majibu ya damu yakaja: kreatinini, uchafu wa damu unaopanda figo zikishindwa, ni mikromoli 190 kwa lita, ngazi ya pili kati ya nne za ugonjwa wa figo. Ugonjwa mdogo, ndiyo. Lakini mkojo haulegei hivi mpaka karibu theluthi mbili za uwezo wa figo ziwe zimekwenda, na kreatinini yenyewe husubiri kupanda mpaka karibu robo tatu. Kwa hiyo neno "mdogo" lisikulaze usingizi.

Maji yakae usiku na mchana, mabakuli mawili au matatu, mapana, mbali na sanduku la choo. Kochi je? Ongeza sanduku la pili la mchanga. Kisha fanya jambo moja ninalowahubiria wote: chukua chupa ya soda ya nusu lita, jaza bakuli kutoka humo, na kesho saa kama hiyo rudisha yaliyobaki uone pengo. Paka wa kilo 4 akipita mililita 200 kwa siku, nipigie simu hata kama anaruka ukuta. Wengine nitawakuta na kisukari au tezi ya shingo, lakini hata hao hakuna anayetibiwa kwa kufichiwa maji. (Paka dume anayejikamua bila kutoa tone ni habari nyingine kabisa. Huyo mlete saa hiyo hiyo.)

Sasa yale mengine ninayoambiwa kliniki. "Omena ndiyo chakula cha paka." Hapa najua nagombana na soko zima la Kibuye. Omena kavu huliwa na kichwa na mifupa, na mgongo wazi wa mtaa wa Obunga ni mifupa ya mbuta yenyewe. Kwenye mifupa kumejaa madini ya fosforasi, na figo iliyochoka haimudu kuitoa. Ikirundikana inazidi kuiharibu. Minofu ya mbuta au ngege iliyochemshwa bila chumvi nakubali, kidogo, na mchuzi wake usimwage, mpe anywe. Hata hivyo huo si mlo kamili. Chakula cha figo cha mkebe ndicho bora, najua bei yake, na paka wengi watakinusa na kukipa mgongo. Kichanganye na anachokijua, uongeze polepole kwa wiki mbili, tatu.

"Basi nyama ikome, ale ugali na maziwa." Paka si kuku. Bila taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama, moyo na macho huharibika, na misuli ikiyeyuka tumepoteza zaidi ya tulichookoa. Maziwa huwaharisha wengi, na kuhara ni maji yanayokwenda. Akikataa kula siku mbili, ini huweza kuanza kujaa mafuta. Hapo mpe hata omena. Ndiyo, nimesema mimi.

"Nilimpa nusu ya Panadol." Kidonge hicho humuua paka. Dawa nyingine za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, nazo zinamalizia figo.

"Mtundikie dripu kila wiki." Paka wa ngazi hii anayekula na kunywa haihitaji. Pesa hiyo tupimie presha. Figo mbovu hupandisha presha, na nimeletewa paka aliyeamka kipofu, mboni zimetanuka, anagonga miguu ya meza. Iko dawa, amlodipini, lakini dozi napima mimi. Usikate kile kidonge cha presha cha nyanya yako ukamgawia paka.

Yule mama alirudi Alhamisi na chupa yake mkononi. Mililita 310, ameandika kwa kalamu kwenye karatasi ya mkate. Paka amekula, na mito ya kochi iko juani.