Jana si muda mfupi

Wiki hii nimeisikia tena mara tatu: "Daktari, mzee kumbukumbu yake ya muda mfupi imekwisha, lakini ya zamani anayo yote." Nikidadisi, nakuta alichosahau ni mgeni aliyekuja jana. Jana! Hata robo saa iliyopita si muda mfupi.

Kumbukumbu ya muda mfupi huishi sekunde chache, labda nusu dakika usipokirudiarudia kitu kichwani. Ndiyo inayokushikia namba ya simu mpaka uibonyeze. Haibebi mengi: mwanasaikolojia George Miller alisema vitu saba hivi mwaka 1956, mwenzake Nelson Cowan akashusha hadi vinne mwaka 2001. Mimi namwamini Cowan, maana tukimzuia mtu asijirudie kimoyomoyo, saba havifikiwi.

Sasa mpe mzee huyo tarakimu tano azitamke. Mara nyingi atazitamka sawasawa. Mzungumzishe mengine dakika mbili, kisha ziulizie: hajui hata kama ulimpa tarakimu. Kumbukumbu yake ya muda mfupi ni nzima. Kilichoharibika ni kutengeneza kumbukumbu mpya ya muda mrefu, na familia zinazopima kwa "rudia nilichosema" hujipa moyo bure huku ugonjwa ukiendelea.

Haya tunayajua tangu mgonjwa mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa kwa ajili ya kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa namba 584 aishike. Alikaa nayo robo saa nzima kwa kuichambua bila kupumzika. Alipoachishwa tu, ikatoweka. Lakini alipofundishwa kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuimarika siku hadi siku, ingawa kila mara aliona kama ndiyo anaanza. Kujua kutenda hupita njia nyingine.

Jinsi kumbukumbu inavyoshikwa kwenye sinapsi, yaani viungo kati ya seli za neva, nitaisema kwa kifupi: seli za neva zikichangamka pamoja kwa nguvu, kiungo kati yao huimarika. Watafiti Tim Bliss na Terje Lømo walilionyesha hilo kwenye hipokampasi ya sungura mwaka 1973. Ili kiungo kidumu, seli hulazimika kutengeneza protini mpya, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa.

Vitabu huchora mshale: muda mfupi, halafu muda mrefu. Mshale huo unanipa shaka. Mgonjwa K.F., aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki, hakuweza kushika zaidi ya tarakimu mbili akizisikia, ila alijifunza orodha za maneno kama mtu mwingine yeyote. Kama mlango ni mmoja, alipitia wapi?

Na hilo la "ya zamani anayo yote" nalo silikubali. Molaison alipochunguzwa kwa makini uzeeni, hata ujana wake wa kabla ya upasuaji aliuelezea kijuujuu, bila tukio linaloonekana na kusikika. Visa anavyosimulia mzee wako ni vile alivyovisimulia mara mia, na kila usimulizi umevipiga msasa upya. Muulize siku ambayo hajawahi kuisimulia: alikaa upande gani, nani aliingia kwanza, walinyamaza lini. Kisha njoo uniambie alichojibu, tuanzie hapo.