Maswali na majibu: MRI inauonaje ubongo ukiwa kazini?

Zile picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya manjano, ndipo mahali mtu anapofikiria?

Hapana. MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku yenye nguvu. Rangi zile zimetiwa na kompyuta, na ndani ya kichwa hakuna kinachowaka. Doa jekundu linaonyesha mahali ambapo damu ilibadilika zaidi mtu alipokuwa akifanya jambo fulani kuliko alipokuwa amepumzika. Sehemu zisizo na rangi nazo zilikuwa kazini, kwa sababu ubongo haulali hata wewe ukilala. Kwa hiyo ule uvumi kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake hauna ukweli wowote.

Damu inaingiaje katika habari ya kufikiri?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unachukua karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Seli zake hazina akiba ya maana. Zinapochapa kazi, mishipa midogo ya jirani hupanuka na kuleta damu nyingi kuliko hata ile inayohitajika. Eneo hilo likabaki na oksijeni ya ziada.

Himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, ikiwa imebeba oksijeni haivurugi uga wa sumaku. Ikishaiachia, huuvuruga kidogo. Jambo hili liligunduliwa Marekani mwaka 1936 na Linus Pauling na Charles Coryell, wakati ambao hakuna aliyewaza kulitumia kutazama ubongo. Ilichukua zaidi ya miaka 50 mpaka Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa mtafiti katika maabara za Bell huko Marekani, alipoonyesha mwaka 1990 kwamba tofauti hiyo inaweza kuonekana kwa MRI kwenye ubongo wa panya aliye hai. Mwaka 1992 zikatolewa picha za kwanza za namna hiyo kwa binadamu, bila kumchoma mtu sindano wala kumpiga mionzi. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa fMRI.

Tatizo ni kwamba damu ni nzito wa miguu. Seli za ubongo hupashana habari kwa muda mfupi sana, kama sekunde moja ikigawanywa mara elfu na kuchukua vipande vichache tu, ilhali damu hufikia kilele chake sekunde 5 au 6 baadaye. Anayetaka kufuatilia kasi hutumia EEG, kipimo cha umeme wa ubongo ambacho Mjerumani Hans Berger alikianza kwa binadamu mwaka 1924, ingawa hicho nacho hakisemi vizuri umeme umetoka wapi hasa.

Anayepimwa anafanyiwa nini?

Kwanza anavua vyuma vyote: saa, hereni, mkufu, pini za mtandio, vibanio vya nywele. Ataulizwa kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na kama amewahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma, maana kipande kidogo kilichobaki jichoni kinaweza kuvutwa na sumaku na kumjeruhi. Usione aibu kujibu maswali haya hata yakirudiwa mara tatu. Sumaku ya mashine hizi ina nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya dunia, na haizimwi.

Kisha analala chali, anaziba masikio, kichwa kinashikizwa kisitikisike. Juu ya macho kuna kioo kinachomwonyesha skrini. Mkononi ana kitufe cha kujibia na kingine cha kuita msaada. Mashine inapiga kelele kama nyundo juu ya bati. Ataambiwa, kwa mfano, agonge vidole kwa sekunde 20, apumzike 20, agonge tena. Kompyuta inalinganisha vipindi hivyo viwili. Kichwa kikisogea milimita chache tu, kazi yote inaweza kuharibika.

Basi inaweza kusoma mawazo yangu?

Haiwezi kukufungua kichwa na kusoma siri zako. Lakini kuna jambo moja imeliweza ambalo kila familia yenye mgonjwa asiyejitambua inapaswa kulijua.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Cambridge, Uingereza, walimpima mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo kwenye ajali ya barabarani. Kwa miezi kadhaa alikuwa akifumbua macho lakini hajibu chochote. Wakamwambia: waza unacheza tenisi. Eneo la ubongo linalopanga mijongeo likaonyesha mabadiliko. Wakamwambia: waza unatembea nyumbani kwako, chumba kwa chumba. Yakabadilika maeneo mengine, yale yale yanayoonekana kwa watu wazima wa afya. Alikuwa anasikia, anaelewa, na anatii.

Mwaka 2010 ikatolewa ripoti ya wagonjwa 54. Watano waliweza kuubadilisha ubongo wao kwa kuagizwa, na mmoja aliulizwa maswali 6 kuhusu familia yake, tenisi ikiwa ndiyo na nyumba ikiwa hapana. Alijibu sahihi 5. Wengi hawakuonyesha kitu, ila kutoonekana si ushahidi kwamba mtu hayupo. Huenda alikuwa amesinzia, au hakusikia. Kwa hiyo msiache kuzungumza naye, na msimjadili mbele yake.

Je, picha hizi zinaweza kudanganya?

Sana. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine na "kumwonyesha" picha za watu. Kompyuta ikatoa vidoa vya rangi kwenye ubongo wake! Picha moja ina maelfu ya vipande, na ukikagua vyote bila kusahihisha hesabu, vichache vitaonekana vimebadilika kwa bahati tu. Walifanya hivyo makusudi, kuwaonya wenzao.

Ukisikia "wanasayansi wamegundua sehemu ya mapenzi," uliza walipimwa watu wangapi, na walilinganishwa na nini. Na mtu akitaka kukuuzia picha ya ubongo ili akuambie kama una sonona, usitoe pesa yako. Sonona hutambuliwa kwa daktari kukusikiliza na kukuhoji.

Daktari ameniandikia MRI ya kichwa. Ndiyo hiyo?

Mara nyingi siyo. Kwa kiharusi, uvimbe au maumivu makali ya kichwa hutumika MRI ya kawaida au CT scan, zinazoonyesha umbo la ubongo. fMRI huhitajika hasa kabla ya upasuaji wa uvimbe au kifafa, ili daktari ajue sehemu za usemi na za mkono ziko wapi na azikwepe. Mwaka 1861, Mfaransa Paul Broca alilazimika kusubiri mgonjwa wake afariki ndipo aone ubongo ulipoharibika hata akapoteza usemi.

Ukienda kupimwa, beba picha zako za zamani, na useme mapema kama una ujauzito au ugonjwa wa figo, kwa sababu baadhi ya wagonjwa huchomwa sindano ya dawa ya kufanya picha ionekane vizuri zaidi.