Pampu haijafa, washa imekauka

Wiki iliyopita kijana anayesomba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Buhongwa, hapa Mwanza, aliniletea baiskeli ina pancha. Kwenye keria alikuwa amefunga pampu mpya, bado imo ndani ya nailoni. Nikamuuliza ile ya mwaka jana iko wapi.

"Ilikufa, fundi. Niliwapa watu wa vyuma chakavu."

"Ilikufaje?"

"Unasukuma, mpini unashuka tu, upepo hauendi."

Maneno hayo nimeyasikia hapa kibandani mpaka nimechoka, na kila mara yananiuma, maana ni hela ya mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuitafuta. Pampu ile ilikuwa nzima. Mpini ukishuka kirahisi hivyo, upepo unapenya pembeni ya pistoni na kurudi juu. Kinachotakiwa kuuzuia ni washa moja, yenye umbo la kikombe kidogo, iliyofungwa mwisho wa rodi. Kama ni ya ngozi, ukiiacha miezi kadhaa chini ya bati la moto inakauka, inasinyaa, na haigusi tena ukuta wa silinda. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ndio huo.

Mama mmoja anayepitisha maziwa Igoma aliwahi kuniletea yake kabla hajaitupa. Nilifungua kifuniko cha juu kwa mkono, nikavuta rodi taratibu. Washa ikatoka imekunjamana kama ganda la chungwa lililoanikwa, kingo zimejikunja kwa ndani, vumbi limeganda. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaidondoshea mafuta ya cherehani, nikaiacha robo saa hivi mpaka ngozi ikatoka kwenye kijivu ikawa kahawia iliyokolea. Kisha nikazipanua kingo kwa dole gumba, nikizunguka polepole, mpaka kikombe kikarudi. Wakati wa kuirudisha, mdomo wa kikombe lazima utazame chini, kule upepo unakobanwa, na rodi uizungushe huku unaiingiza ili ukingo usijikunje tena. Nikaziba mwisho wa mpira unaopeleka upepo kwenye tairi kwa kidole, nikamwambia asukume. Mpini ukagoma katikati ya safari. Mama akacheka, akasukuma tena kuhakikisha.

Kama washa ni ya mpira, tafadhali sana, usiitie oili ya injini wala grisi ya gari. Mpira wa asili unavimba, unalainika, halafu ndiyo unaharibika kweli. Ipake glisirini kidogo, hiyo hiyo watu wanayojipaka mwilini, au grisi ya silikoni ukiipata.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue pampu gani, swali langu la kwanza ni hili: inafunguka? Chukua ya dukani mkononi, zungusha kifuniko cha juu. Kikiwa na uzi, kinafunguka, utaitunza miaka. Kikiwa kimegandishwa kwa gundi, irudishe kwenye rafu hata kama rangi yake inang'aa. Mwulize muuzaji kama washa za saizi ile anazo. Tazama pia sehemu ya kukanyagia: iwe ya chuma, pana kiasi cha kukaa miguu miwili. Ile ya plastiki huvunjika pale pale inapoungana na silinda. Na kabla hujalipa, ziba mdomo wa mpira kwa kidole, sukuma mpini chini, uushikilie huku ukihesabu mpaka kumi. Ukizama taratibu, upepo unavuja mahali.

Jambo la pili ninaloambiwa ni kwamba pampu nene ndiyo yenye nguvu. Nene inaingiza upepo mwingi kwa mkupuo mmoja, hilo sibishi. Lakini upepo ukishafika psi 50 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) ndani ya tairi, pampu yenye kipenyo cha milimita 35 inakudai uisukume kwa uzito wa karibu kilo 34 kila unaposhuka. Ya milimita 25 inakudai kilo 17 tu, nusu yake. Mtoto wa shule anayetumwa kujaza baiskeli ya baba yake atakuambia tofauti. Baiskeli ya mzigo ya namba 28, chukua nyembamba. Matairi manene ya baiskeli za milimani hayahitaji upepo mkali sana, kwa hiyo nene haina shida huko.

Geji iliyoandikwa mpaka 160 nayo inawavutia watu. Tairi lako linataka 50, mshale hautafika hata theluthi ya safari yake, na vistari vya huko mwanzoni vimebanana kiasi kwamba kusoma kunakuwa kubahatisha. Geji inayoishia 100 inakutosha. Ujue tu kwamba kwenye valvu za zamani, zile zenye kimpira ndani, upepo unapambana kwanza na kile kimpira, kwa hiyo geji inaonyesha zaidi ya kilichoingia kwenye tyubu.

"Mimi napima kwa dole gumba." Dole gumba linapima unene wa tairi. Tairi nene la mzigo utaliona gumu hata upepo ukiwa nusu, kisha ukipakia gunia mbili ringi inagonga mawe ya mlima wa kwanza unaoukuta, na mawe Mwanza hayajawahi kupungua. Tyubu inatoboka matundu mawili pacha. Ukinionyesha matundu mawili yaliyokaa sambamba, sihitaji kukuuliza, ulipanda ukiwa na upepo mdogo. Namba ya upepo imeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, isome.

Na jua? Watu wanalilaumu sana. Tairi lenye psi 50 likitoka kwenye joto la nyuzi 25 likafika 50, linaongeza psi 5 hivi. Tairi zima halipasuliwi na hizo tano. Linapasuka lililokuwa limechanika ubavuni, au lililojazwa kupita kiasi tangu asubuhi.

Kujaza kwa kompresa ya gereji ni haraka mno kwa tyubu ndogo ya baiskeli. Kabla hujaondoa mkono, tairi limeshachomoka kwenye ringi na tyubu imelia. Nimebandika viraka kwenye tyubu za namna hiyo mpaka nikaacha, kwa sababu mpasuko wake ni mrefu na kiraka hakiushiki. Hapo, samahani, ununue tyubu nyingine.