Kunywesha humidori mpya: maana yake na namna inavyofanywa

Humidori ni sanduku la kutunzia biri, zile sigara nene zinazoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Kazi yake ni moja: kuishikilia hewa iliyomo ndani kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 72, mchana na usiku, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Kunywesha humidori ni kuzipa maji mbao zake za ndani, polepole, kabla biri hata moja haijaingia. Usipofanya hivyo, sanduku jipya litanyonya maji kutoka kwenye biri zenyewe. Na biri iliyokauka sana hairudi ilivyokuwa hata ukiirudishia unyevu, kwa sababu mafuta yanayoipa harufu yameshapotea pamoja na maji.

Niseme wazi kwamba moshi wa biri una sumu hata kwa asiyeuvuta mpaka mapafuni, na simshauri mtu yeyote aanze. Lakini Lubumbashi ni mji wa migodi na wageni. Biri huja kama zawadi, hukaa nyumbani miezi mingi zikingoja arusi au mkubwa fulani apite, na zikifunguliwa zinakutwa zimekuwa kuni. Anayezitunza anastahili kuelewa kinachotokea.

Vijikaratasi vinavyokuja na masanduku haya huandikwa kana kwamba hali ya hewa ni moja duniani kote. Mji wetu uko kwenye nyanda za juu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hukatika Aprili au Mei, na hairudi kwa kweli mpaka Oktoba inapoelekea kuisha. Ikifika Septemba, mlango wa mbao uliokuwa ukikwama wakati wa mvua unafunguka kwa kidole, midomo inapasuka, na hewa ya mchana inaweza kushuka chini ya asilimia 40 ya unyevu. Sanduku lililokaa wiki chache katika hewa hiyo limekauka mpaka ndani ya ubao.

Asilimia hizo zina maana gani? Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke. Ikifika nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30. Asilimia inaonyesha hewa imebeba sehemu gani ya kile inachoweza kubeba kwa joto lake la wakati huo. Kwa hiyo sanduku tupu la bati, likifungwa asubuhi ya Septemba kwenye nyuzi 20 na asilimia 70, saa nane mchana nyumba ikifika nyuzi 30 litasoma 40 tu, na hakuna hata tone lililotoka. Ubao ulioshiba maji ndio unaozuia mporomoko huo. Hewa ikipungukiwa, ubao unatoa. Hewa ikizidiwa, ubao unapokea.

Hapa ndipo wengi wanapoponzwa na kipima unyevu. Chukua sanduku la biri 50, lenye ujazo wa lita 5 hivi. Hewa yote iliyomo, ikiwa na nyuzi 20 na asilimia 70, imebeba gramu 0.06 za maji, yaani tone moja. Sasa tazama mbao za ndani, tuseme zina uzito wa nusu kilo. Zikiwa zimekaa katika hewa ya asilimia 30, zina maji ya asilimia 6 hivi ya uzito wake; ili zipatane na hewa ya asilimia 70 zinatakiwa kufika 13 hivi. Tofauti hiyo ni gramu 35, sawa na vijiko saba vya chai. Tone moja kwa hewa, vijiko saba kwa ubao. Ukiweka kibakuli cha maji ndani, hewa itashiba kwa saa chache na mshale utapanda hadi 75 siku hiyohiyo, ilhali ubao umelowa juujuu tu. Mtu anafurahi, anapanga biri zake, na wiki moja baadaye anazikuta zinavunjika vidoleni. Kipima kilisema kweli kuhusu hewa, na hewa ndiyo yenye maji machache kuliko kitu chochote sandukuni.

Humidori nyingi nzuri hupigwa ndani mbao za Cedrela odorata, ambazo kwenye biashara huitwa mwerezi wa Kihispania. Mti huo hauna undugu na mierezi ya Lebanoni. Uko katika jamii ya mahogani, na asili yake ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Unapendwa kwa sababu unapokea na kuachia maji bila shida, hauozi upesi, na harufu yake inapatana na ya tumbaku. Mahogani nayo hutumika, na harufu yake ni ndogo. Mierezi ya kweli haifai. Utomvu wake una harufu kali inayoingia kwenye majani. Maseremala wetu wa Katuba na wa Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, wanaweza kukutengenezea sanduku la mulombwa, mti wa mbao wa huku kwetu, na ningependa sana kuona kazi hiyo ikiongezeka, maana mulombwa ukishakauka vizuri ni ubao mtulivu, haujikunji ovyo, na kwa nje unapendeza. Ila ndani mwambie fundi apige mbao nyembamba za mahogani, asipake vanishi wala rangi. Ubao uliopakwa hauwezi kunywa. Na kabla ya kumlipa, bana noti ya faranga 500 kati ya kifuniko na sanduku, kisha ivute taratibu. Fanya hivyo pande zote nne. Inapochomoka bila kushikwa, hapo pana mwanya, na sanduku lenye mwanya halitashiba kamwe wakati wa kiangazi.

Kipima unyevu nacho kijaribiwe kwanza, hasa kile cha mshale. Chumvi ya mezani inatosha. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Tia kifuniko hicho pamoja na kipima kwenye kopo la plastiki linalobana, ufunge, uache mpaka kesho yake mahali pasipobadilika joto. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye asilimia 75, iwe Havana au mtaani kwetu Kamalondo. Kipima kikisoma 69, ujue kinapunguza 6. Kirekebishe kama kina skrubu nyuma, au kumbuka tofauti hiyo kila unapokisoma.

Kuhusu maji sina mzaha. Yanatakiwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa tena, bila madini ndani yake. Uliza farmasi. Maji ya foraji, yaani visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine, ya mji huu mengi yanatoka kwenye miamba yenye chokaa. Ndiyo hiyo inayoacha ganda jeupe kwenye birika. Chokaa hiyohiyo itaziba kifaa cha kutolea unyevu. Kuyachemsha hakutoshi: kunaua vijidudu na kuangusha sehemu ya chokaa, lakini madini mengine yanabaki majini. Maji ya chupa ya dukani nayo yana madini. Halafu kuna kile kinachouzwa kwa jina la maji ya batri. Baadhi yake ni maji safi yaliyokenekwa, lakini mengine yameshatiwa asidi ya salfa, na chupa zake zinaweza kufanana. Kama lebo haisomeki, achana nayo.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Futa vumbi ndani kwa kitambaa kikavu. Tandika kipande cha plastiki sakafuni mwa sanduku, weka juu yake kibakuli kifupi chenye sponji mpya iliyoloweshwa maji hayo, weka kipima, funga. Wapo wanaofundisha kupangusa mbao kwa kitambaa kilicholowa ili kuharakisha. Mimi nasema usifanye. Ubao mwembamba ukilowa upande mmoja kwa ghafla hujipinda, nyuzi zake husimama, na gundi ya kwenye maungio hufunguka. Sanduku la bei kubwa linaharibika jioni moja. Mvuke hufika polepole na hufika pande zote sawa.

Usifungue kila saa kuchungulia. Baada ya siku tatu angalia sponji. Kama imekauka, iongezee maji, na hiyo ni habari njema, kwa sababu maji yaliyopungua yameingia kwenye ubao. Hesabu wiki moja hadi mbili. Boveda, wanaouza vifuko vya kurekebisha unyevu, wana vifuko vya asilimia 84 kwa kazi hii, na wao wanataja siku 14. Kwa Septemba yetu nisingepunguza hata moja kati ya hizo. Kisha toa maji yote, funga sanduku tupu, na usiliguse kwa siku mbili. Huu ndio mtihani wenyewe. Likibaki kati ya 65 na 72 bila chanzo chochote cha maji ndani, ubao umeshiba. Likishuka haraka hadi 55, rudisha kibakuli.

Sasa weka kile kitakachokaa humo siku zote: kifuko cha asilimia 65 au 69 kinachotoa na kupokea unyevu, au sponji yenye mchanganyiko wa nusu maji yaliyokenekwa na nusu propileni glikoli (kimiminika kinachovuta unyevu), ambao hutulia karibu na 70. Usibaki na maji matupu, kwani hayajui kusimama. Yataendelea kupandisha unyevu mpaka ukungu uote. Biri ziingie kidogokidogo.

Mvua ikianza kunyesha sawasawa, Desemba hadi Machi, shida inageuka. Hewa ya nyumba yenyewe inaweza kupita asilimia 80, na kila ukifungua unaingiza maji. Biri zinavimba, jani la nje linapasuka, hazivutiki. Hapo kifuko kinachopokea unyevu ndicho kinachookoa. Mwenye sponji aitoe kwa muda.

Joto nalo ni adui, hasa Oktoba chini ya bati. Mayai ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, huanguliwa kwa urahisi joto likizidi nyuzi 24 hivi, na mabuu yake hutoboa biri matundu kama ya sindano. Weka sanduku chini kabatini, chumba cha ndani, mbali na dari na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Masanduku ya umeme yenye kipoza yapo, lakini umeme ukikatika siku mbili unabaki na kabati la plastiki na kioo lisilo na akiba yoyote ya maji, wakati ubao ulioshiba unaendelea na kazi yake. Na sanduku lililokaa tupu kiangazi kizima lihesabu kuwa jipya: linyweshwe upya tangu mwanzo, pamoja na zile siku mbili za kulijaribu.