Bosi wa kigeni akikamatwa, sheria inafika wapi na siasa inaingilia wapi

Wafanyabiashara wa Mwanza wanaofuata mzigo Guangzhou huniuliza swali moja kwa namna nyingi: mtu mkubwa wa kampuni akikamatwa ugenini, serikali yake inaweza kumtoa? Wapo wanaolileta kwa upande wa pili. Wanaona kampuni za Kichina zilivyojenga daraja la Kigongo–Busisi na zinavyojenga reli ya Mwanza–Isaka, na wanataka kujua kama polisi wetu wanaweza kumkamata mkurugenzi wa kigeni bila nchi kuingia kwenye ugomvi na nchi yake. Mimi ni wakili, na kesi zangu nyingi zina mtu wa taifa jingine ndani yake, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Tuanze na jambo lisilo na utata. Mkurugenzi wa kampuni hana kinga yoyote. Kinga ya kidiplomasia inatoka kwenye Mkataba wa Vienna wa 1961, na ni ya wanadiplomasia walioidhinishwa na nchi iliyowapokea. Hata kama kampuni ni ya serikali, au bosi mwenyewe anakula chakula cha jioni na marais, akishuka kwenye ndege ni abiria kama wewe na mimi. Kinachobaki kwake ni haki za mtuhumiwa wa kigeni, zilizo kwenye mkataba mwingine wa Vienna, wa 1963, Ibara ya 36: aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi yake ujulishwe, maofisa wa huko waruhusiwe kumtembelea, na wamsaidie kupata wakili. Mkataba haumpi balozi ufunguo wa mahabusu.

Kama ni hivyo, kwa nini nchi hugombana? Kesi ya Meng Wanzhou, afisa mkuu wa fedha wa Huawei na binti wa mwanzilishi wa kampuni hiyo, inaonyesha vizuri kuliko nyingine yoyote ninayoijua.

Alikamatwa tarehe 1 Desemba 2018 kwenye uwanja wa ndege wa Vancouver akiwa safarini kutoka Hong Kong kwenda Mexico. Kanada haikuwa na madai naye. Marekani ndiyo iliyomtaka, na Kanada ina mkataba nayo wa kukabidhiana watuhumiwa. Tuhuma zilihusu mazungumzo ya mwaka 2013 ambapo Meng alimweleza ofisa wa benki ya HSBC uhusiano wa Huawei na kampuni ya Skycom iliyofanya biashara Iran. Waendesha mashtaka wa New York walisema alimdanganya, na kwamba udanganyifu huo uliiweka benki kwenye hatari ya kuvunja vikwazo vya Marekani.

Kipo kipande cha kukamatwa kwake ambacho mawakili hatuchoki kukirudia. Kabla polisi hawajamsomea haki zake, maofisa wa mpakani walikaa naye karibu saa 3. Walichukua simu zake na kuzitia kwenye mifuko maalumu inayozuia mawasiliano, kisha ofisa mmoja akamwuliza namba za siri za simu hizo, akaziandika kwenye karatasi. Karatasi hiyo baadaye ikaishia mikononi mwa polisi, ambao hawakuwa na haki ya kuipata kwa njia hiyo. Ofisa alikiri mahakamani kwamba lilikuwa kosa. Mawakili wa Meng walikishikilia kikaratasi hicho kwa miaka. Ndiyo maana nawasihi askari wetu wa viwanja vya ndege na bandarini: kwenye kesi yenye macho ya mataifa mawili, kila dakika na kila karatasi itaulizwa.

Meng alipata dhamana ya dola milioni 10 za Kanada ndani ya siku 10, akavishwa kifaa cha ufuatiliaji kwenye kifundo cha mguu, akawa anaishi kwenye nyumba yake Vancouver. Hoja kubwa ya mawakili wake ilikuwa ile ambayo hata hakimu wa hapa kwetu angetakiwa kuipima: je, alichotuhumiwa ni kosa kwa sheria za nchi zote mbili? Kanada wakati huo haikuwa na vikwazo vya aina ile dhidi ya Iran, kwa hiyo walidai hakuna kosa. Mei 2020 Jaji Heather Holmes alikataa. Kiini cha tuhuma, alisema, ni ulaghai dhidi ya benki, na ulaghai ni kosa Kanada pia. Nadhani alikuwa sahihi kisheria, ingawa naelewa kwa nini Beijing waliona vikwazo vya nchi moja vimepenyezwa mlango wa nyuma.

Sasa twende mahali siasa inapoingilia. Kesi ya kumkabidhi mtuhumiwa kwa nchi nyingine huanza kwa waziri na huishia kwa waziri. Mahakama iko katikati. Kanada, Waziri wa Sheria ndiye anayeruhusu kesi ianze, ndiye anayeamua mwishoni kama mtu akabidhiwe, na sheria inamruhusu kuondoa kibali chake wakati wowote. Sheria yetu ya Tanzania, ya mwaka 1965, ina mifupa hiyohiyo: ombi linapitia njia za kidiplomasia hadi kwa Waziri, Waziri anamwarifu hakimu, hakimu anapima ushahidi na kama kosa limo kwenye jedwali la sheria, na mtu hawezi kukabidhiwa kwa kosa la kisiasa.

Kwa hiyo serikali ya nchi ya mtuhumiwa haipotezi muda kumshawishi jaji. Inamkaba waziri. Na mtu wa kukabwa akishajulikana, kinachofuata ni kutafuta kitu kitakachomuuma. Tarehe 10 Desemba 2018 China iliwakamata Wakanada wawili, Michael Kovrig aliyewahi kuwa mwanadiplomasia, na Michael Spavor aliyekuwa akiandaa safari za Korea Kaskazini. Januari 2019 Mkanada mwingine, Robert Schellenberg, aliyekuwa amehukumiwa miaka 15 kwa dawa za kulevya, kesi yake ilirudiwa na akahukumiwa kifo. Machi ikafuata zuio la mbegu za kanola, zao la kukamulia mafuta, kutoka kampuni mbili kubwa za Kanada, na mkulima ambaye hajawahi kumiliki simu ya Huawei akabaki na mzigo ghalani.

Upande wa Marekani nao ulichafua maji. Siku chache baada ya Meng kukamatwa, Rais Trump alisema angeweza kuingilia kesi kama ingesaidia mapatano ya biashara na China. Kauli ile iliwapa mawakili wa utetezi hoja ya bure: mteja wetu ni karata ya biashara. Balozi wa Kanada huko Beijing, John McCallum, alisema hadharani kwamba Meng ana hoja nzuri za kujitetea, akafukuzwa kazi Januari 2019. Kiongozi akifungua mdomo kuhusu kesi iliyo mahakamani, anaivua nchi yake kauli pekee inayoweza kuikinga, yaani kwamba mahakama iko huru. Hili nalisema kwa viongozi wetu kwa moyo wangu wote.

Hapa ndipo wengi husema, basi Wachina usiwaguse. Hapana. Miezi ileile, Februari 2019, Mahakama ya Kisutu Dar es Salaam ilimhukumu Yang Fenglan miaka 15 jela kwa biashara haramu ya meno ya tembo. Huyu naye alikuwa na cheo: alifika nchini miaka ya 1970 akiwa mkalimani kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, akafungua biashara, akawa kiongozi kwenye baraza la wafanyabiashara wa China hapa nchini. Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilisema haiwakingii kifua raia wake wanaovunja sheria, na inaunga mkono Tanzania kushughulikia kesi kwa mujibu wa sheria. Hakuna Mtanzania aliyekamatwa kulipiza.

Serikali ileile, majira yaleyale, na kwa kipimo chochote sisi ni wadogo kuliko Kanada. Tofauti ninayoiona ni kwamba Yang alishtakiwa na nchi ambako kosa lilitendeka, kwa sheria ya nchi hiyo, kwa jambo ambalo Beijing yenyewe ilishalikemea. Meng alishikwa na nchi ya tatu kwa niaba ya mshindani, naye alikuwa uso wa kampuni ambayo China iliitegemea kwenye teknolojia ya 5G. Cheo cha mtu peke yake hakikuleta ugomvi.

Mwisho wa kesi mnaujua. Tarehe 24 Septemba 2021 Meng alifikia makubaliano na waendesha mashtaka wa Marekani ya kuahirisha mashtaka, akikubali maelezo ya yaliyotokea bila kukiri kosa, akapanda ndege kwenda Shenzhen. Saa hizohizo Kovrig na Spavor wakapanda yao, baada ya siku zaidi ya 1,000 kizuizini. Jaji Holmes hakuwahi kutoa uamuzi wake wa mwisho. Mashtaka dhidi ya Meng yalifutwa rasmi Desemba 2022. Naamini Kanada ilifanya sawa kutowabadilisha watu kama mbuzi mnadani. Lakini gharama ililipwa na wanaume wawili waliolala kwenye vyumba ambavyo taa hazikuzimwa, na sitaki tuizungumze kanuni kana kwamba haikuwa na mlipaji.

Ibara ya 36 haimjui bosi wala mvuvi. Ziwa letu lina nchi tatu na mpaka wa majini hauna kigingi. Mvuvi wa Ukerewe anaposhikwa upande wa Uganda au Kenya, haki yake ya kutembelewa na ubalozi ni ileile ya Meng, ila aghalabu haambiwi, na ndugu zake hukaa wiki nzima wakipiga simu kwa wenye mitumbwi. Marekani ilishashindwa kwa hili: Wajerumani wawili, Karl na Walter LaGrand, waliuawa kwa hukumu ya kifo Arizona mwaka 1999 bila kuwa wameambiwa haki hiyo kwa wakati, na mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema ni haki ya mtu binafsi pia, si ya dola tu.

Basi ukishikwa, Guangzhou au Kisumu, tamka kwamba wewe ni Mtanzania na unaomba ubalozi wako ujulishwe, na omba hilo liandikwe pamoja na saa. Ubalozi hautakulipia faini wala kukutolea hukumu. Utakutembelea, utakupa orodha ya mawakili, na utawapigia nyumbani.